Barua ya wazi kwa viongozi wetu wa serikali za mitaa: tuhesabieni wanaorudi

Waheshimiwa viongozi wetu, kuanzia wenyeviti wa mitaa mpaka madiwani na watendaji na nyie mnaokaa kwenye kamati za usalama, shikamoni mlionizidi umri na wengine wote nawasalimu.

Mimi ni dada wa kijana aliyekula unga, yaani heroini, miaka saba na sahivi ana mwaka na miezi minne anakunywa methadoni, dawa ya hospitali ya kumsaidia kuacha. Nimeanza hivyo ili mjue haya ninayoyasema yamenikuta ndani ya nyumba, sijayasikia kwa jirani.

Sijaja kulaumu. Kazi mnafanya na tunaiona, misako mnafanya, mikutano mnaitisha, kila tarehe 26 Juni, siku ya kupiga vita dawa za kulevya duniani, mnatoka na mabango watoto wa shule wanaandamana. Mwaka jana siku hiyo ikasomwa ripoti ya waliokamatwa, ikasemwa idadi imepanda kuliko mwaka wa nyuma yake, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Nilipofika nyumbani ndo nikaanza kujiuliza, hivi wale waliokamatwa mwaka wa nyuma yake wako wapi sasa? Kwa mtaa wangu jibu ninalo maana nawajua kwa majina. Wengi wamerudi palepale maskani, kijiweni wanakotumia unga. Wawili tumewazika.

Ombi langu ni moja, mengine yote nitakayoyataja yanatokana na hilo. Naomba mbadilishe mnachokihesabu. Mkikaa kwenye kikao msisomeane tu wangapi wamekamatwa, someaneni wangapi wamerudi, yaani wangapi wameanza tiba na mwezi wa sita bado wapo, wangapi wamerudi kulala nyumbani kwao, wangapi wana kazi, wangapi wametoka jela na wiki ya pili wako hai. Hii ya mwisho nataka niielezee vizuri maana ndo iliyonifanya nishike simu nikaanza kuandika.

Mdogo wangu alikuwa na rafiki yake wamekua pamoja, nyumba kwa nyumba, hata unga walianza pamoja. Yule rafiki akachukuliwa kwenye msako, mfukoni alikutwa na kete mbili, akafungwa miezi sita. Huko ndani hakupata unga, arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ikampiga wiki za mwanzo mpaka ikapita, alipotoka alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, akaja kumsalimia mama yetu na mama akalia kwa furaha akasema huyu amepona. Siku ya tatu akaokotwa nyuma ya jengo moja ambalo halijaisha kujengwa, kafariki. Mtaani wakasema kawekewa sumu, wengine wakasema ni tamaa, ametoka na njaa ya unga akazidisha. Mama yake mpaka leo anaamini ni sumu.

Ukweli ni kwamba hakuzidisha kitu, alitumia kiasi kilekile alichokuwa anatumia siku zote kabla hajafungwa. Heroini inatuliza ile sehemu ya ubongo inayouamrisha mwili upumue, na mtu anayetumia kila siku mwili wake unazoea kidogo kidogo mpaka anavumilia kiasi ambacho kingemuua mtu mwingine. Akikaa wiki kadhaa bila kugusa, lile zoea linaondoka, ila yeye kichwani bado anakumbuka kipimo chake cha zamani. Anakitumia, analala, anakoroma, pumzi inapungua, midomo inageuka rangi, basi. Utafiti wa jimbo la Washington kule Marekani uliotoka mwaka 2007 ulifuatilia watu waliotoka magereza ya jimbo, ukakuta kwenye wiki mbili za mwanzo uwezekano wao wa kufa kwa kuzidiwa na dawa ulikuwa mara 129 ukilinganisha na watu wengine wa jimbo hilohilo. Mara 129. Nilivyoisoma hiyo namba nilikaa nayo muda mrefu sana, maana yake yule kijana siku anapitishwa geti la gereza mama yetu anashangilia, ndo siku aliyokuwa kwenye hatari kubwa kuliko siku zote za maisha yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, wala aliyemfunga hakujua, wala aliyemfungulia.

Sasa hapo waheshimiwa nyie mnaingiaje? Mnaingia hivi. Gereza linajua tarehe ya mtu kutoka wiki nyingi kabla. Afisa ustawi wa jamii mnaye. Kinachotakiwa ni afisa huyo apate orodha ya vijana wa eneo lake wanaotoka ambao walifungwa wakiwa wanatumia, akutane nao au na ndugu zao kabla, na siku ya kutoka kuwe na mtu wa kumpokea na kumpeleka moja kwa moja kliniki badala ya kumuacha apande gari linalomshusha karibu na maskani. Hii inahitaji simu mbili tatu, nauli, na mtu mmoja aliyepewa hiyo kazi rasmi na anaulizwa kila mwezi ameifanyaje. Kama gereza lenyewe linaweza kuanza kumpa methadoni akiwa ndani, hiyo ndo nzuri zaidi, ila najua hilo liko juu yenu, nyie lisukumeni kwa wakubwa wenu.

Na kuna dawa inaitwa naloksoni. Mtu aliyezidiwa na heroini au dawa yoyote ya jamii hiyo akipigwa sindano ya naloksoni au akapuliziwa puani, ndani ya dakika chache pumzi inarudi. Haileweshi, na ukimpa mtu ambaye kumbe hakutumia heroini haimdhuru. Nguvu yake inaisha baada ya dakika 30 mpaka 90 kwa hiyo lazima mtu apelekwe hospitali hata kama ameamka, maana unga unaweza ukawa bado uko mwilini ukamlaza tena. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri ipatikane kwa watu wanaoweza kumkuta mtu amezidiwa, na hao sio madaktari peke yao, ni ndugu, ni marafiki, ni watu wa maskani wenyewe. Kwa nini mgambo wenu hawana? Kwa nini zahanati ya karibu na maskani haina? Wanaokuwepo mtu anapozidiwa ni mateja wenzake, na wenzake wanakimbia kwa sababu wanajua wakipiga simu atakayefika wa kwanza ni polisi. Tangazeni tu kwa mdomo wenu, mkutano wa hadhara, kwamba anayemleta mwenzake aliyezidiwa hakamatwi siku hiyo. Mkubaliane na mkuu wa kituo kwanza alafu mtangaze, na mlisimamie.

Nije kwenye misako yenyewe. Mimi sipingi kukamata wauzaji, naomba mkamate na wale wakubwa wao wasiokanyaga maskani. Ninachokiona ni karandinga linakuja saa kumi jioni, linazoa waliolegea ambao hata kukimbia hawawezi, muuzaji kashapata taarifa saa nane, kashaondoka. Kesho yake maskani imehamia mtaa wa pili, wiki inayofuata iko nyuma ya shule. Kila inapohama wale vijana wanapotea kwa watu wa afya waliokuwa wanawafuata na kuwapa sindano safi na kuwapima, inabidi waanze kuwatafuta upya, na sindano moja inazunguka kwa watu wanne watano kwa sababu kila mtu ana haraka na anaogopa kukutwa nayo. Hivyo ndo virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C vinavyosambaa, na hao wana wake, wana wapenzi, wana watoto, havibaki maskani.

Hili la kufukuza na kuhamisha lilishafanyika kwenye miji mingine na majibu yake yapo. Mji wa Zürich kule Uswisi ulikuwa na bustani inaitwa Platzspitz, nyuma tu ya stesheni kuu ya treni, watu wanajidunga hadharani, wengi mno. Februari 1992 wakaifunga. Watu wale wakasambaa mitaani na baadae wakajaa kwenye stesheni iliyoachwa ya Letten, sio mbali na pale. Mwaka 1995 wakafunga na Letten, ila safari hii walishajipanga, nafasi za methadoni ziliongezwa, kulikuwa na sehemu za kulala, na miji na vijiji walikotoka wale vijana vilitakiwa kuwapokea watu wake vyenyewe, isiwe mzigo wa mji mmoja. Hapo ndo ikatulia. Leo sera ya Uswisi inasimama kwenye nguzo nne, kinga, tiba, kupunguza madhara na udhibiti, na mwaka 2008 wananchi waliipigia kura wakaikubali. Polisi ni nguzo moja kati ya hizo nne. Kwetu ndo nyumba nzima imewekwa juu yake.

Naomba sasa niongelee methadoni kwa kirefu kidogo maana hapa naishi kila siku, na hapa ndo nyie mna uwezo mkubwa kuliko mnavyodhani.

Watu wanasema ni kumbadilishia teja unga kwa unga mwingine. Mimi pia niliamini hivyo mwanzo, nikakataa, nikampeleka mdogo wangu kwenye nyumba moja ya kurekebisha tabia, wakatuambia miezi mitatu anatoka safi. Tulilipa. Nilipoenda kumtembelea nikakuta amefungwa mnyororo mguuni, hakuna daktari, hakuna nesi, arosto aliimaliza sakafuni anatapika na kuharisha mbele ya wenzake. Alipotoka alitumia usiku huohuo, na nikikumbuka lile la wiki mbili nashukuru Mungu hakufa. Nyumba kama hizo mnazipa vibali nyie waheshimiwa, au zinafanya kazi bila kibali ndani ya mipaka yenu. Kazikagueni. Zipo nzuri, zinaendeshwa na watu walioacha wenyewe na wanajua wanachofanya, hizo zisaidieni, lakini zenye minyororo zifungeni.

Methadoni ni dawa, tangu 2005 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inakunywewa mara moja kwa siku, inakaa mwilini saa 24 au zaidi, inazuia arosto na ile hamu, na mtu akishapangiwa dozi yake sawasawa halewi, anaamka anaenda kazini. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, Kenya ikafuata 2014, kwa hiyo sio kitu cha jana wala cha majaribio. Wataalamu wanasema mtu asikae kwenye tiba chini ya mwaka mmoja, na wengi wanahitaji zaidi, kwa sababu anayekatishwa mapema anarudi kwenye unga.

Sasa ukisikia kila siku, fikiria kila siku maana yake nini. Jumapili ipo, sikukuu ipo, siku ya msiba ipo, siku ya mvua ipo. Anatakiwa afike dirishani, anywe mbele ya nesi, aondoke. Kliniki iko magari mawili kutoka kwetu na inaanza kugawa asubuhi, foleni ikiwa ndefu anatoka saa sita. Niambieni ni tajiri gani atamuajiri mtu anayefika kazini saa saba kila siku ya Mungu? Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea, na mzuri, ameshapoteza vibarua vitatu sio kwa kuiba wala kwa uvivu, ni kwa sababu ya ile foleni. Wapo aliokuwa nao kwenye foleni ambao wameacha dawa kwa kukosa nauli, nauli tu, alafu siku ya kwanza wakakosa dozi, ya pili wakakosa, ya tatu arosto imewabana wakarudi maskani ambayo haina nauli, iko hapahapa.

Hapo ndo mnaweza. Kliniki kufungua saa kumi na mbili asubuhi kwa wenye kazi ni jambo la kupanga zamu. Kituo kidogo cha kunywea dawa kwenye zahanati ya mtaa, kliniki kubwa ikabaki kwa wanaoanza na wenye matatizo, hiyo inahitaji chumba, kabati la chuma, nesi aliyefundishwa na ulinzi, na chumba mnacho, nimeviona vyumba vimewekwa viti vibovu. Waliokaa vizuri kwenye tiba kupewa dozi za siku kadhaa za nyumbani, nchi nyingi wanafanya, kaeni na waganga wakuu wenu muone utaratibu. Alafu kuna hili la kuwakamata watu njiani kutoka kliniki. Jamani. Mtu ametoka kunywa dawa ya serikali, ana kitambulisho cha kliniki, anakamatwa kwa sababu sura yake ni ya teja, analala ndani siku mbili bila dozi. Mdogo wangu limemkuta mara mbili. Mara ya pili aliniambia dada mi nimechoka, bora nirudi kule kwa wenzangu angalau kule najulikana. Usiku ule sikulala, nilikaa mlangoni kwake.

Najua sheria hamtungi nyie. Ila kuna maamuzi mengi kati ya sheria na mtu, na hayo ni ya kwenu. Ureno tangu Julai 2001 mtu akikutwa na kiasi cha matumizi yake kisichozidi cha siku kumi hapelekwi mahakamani, anapelekwa mbele ya kamati ndogo yenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, wanaongea nae, kama ana uraibu wanamuelekeza kwenye tiba. Kuuza kumebaki ni kosa la jinai kama kawaida. Nyie hamuwezi kubadilisha sheria lakini mnaweza kuwa na mtu wa ustawi kituoni asubuhi baada ya msako, akae na kila kijana dakika kumi, aulize nani anataka tiba leo. Mngeshangaa wangapi wangesema mimi, maana asubuhi ile na arosto ile ndo mtu anataka kuacha kuliko wakati mwingine wowote.

Wanawake sitawaongelea sana ila naomba msiwasahau, wako wachache maskani kwa macho lakini wengi wamejificha ndani. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu kwenye ripoti yake ya 2024 ilisema duniani kati ya watu 11 wenye matatizo haya ni mmoja tu anayepata matibabu, na kwa wanawake ni mmoja kati ya 18. Sababu haihitaji utafiti. Akienda kliniki anaogopa kunyang'anywa mtoto, anaogopa kuonekana, na mtoto mwenyewe hana pa kumuacha.

Kuhusu watoto ambao hawajaanza. Mnapeleka polisi shuleni kuwatisha, nia ni njema. Marekani walianza hivyo Los Angeles mwaka 1983, mpango wa DARE, polisi akaingia madarasani, ukasambaa nchi nzima, na tafiti zilipokuja kufuatilia wale watoto wakubwa zikakuta hawana tofauti ya maana na ambao hawakufundishwa. Iceland wakaenda njia nyingine. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa pombe ndani ya mwezi uliopita, mwaka 2016 ikawa asilimia 5. Walichofanya ni kuwauliza watoto wenyewe kwa madodoso kila mara, majibu yanarudi kwa kila halmashauri na kila shule yao wenyewe, wazazi wakakubaliana muda wa watoto kurudi ndani, na mji wa Reykjavik ukawa unazilipia familia sehemu ya gharama za michezo na muziki za mtoto. Kazi hiyo ilifanywa na serikali za mitaa hasa. Sisi huku viwanja vya mpira vinaisha, kimoja kinakatwa fremu za maduka, kingine parking, alafu tunauliza kwa nini watoto wamekaa vijiweni. Mnaosaini vile vibali ni nyie.

Pesa nitaambiwa hamna. Ile ya mabango na fulana na magari ya siku moja mwezi wa sita naomba mwaka huu muipige hesabu ingekuwa nauli za watu wangapi kwa miezi mingapi, muisome hiyo hesabu mbele ya wananchi, sisi tutaamua wenyewe kama tunataka fulana. Mimi nadhani wamama wote ninaowajua watasema hawataki.

Kikao chenu cha baraza kinachokuja nitakuja na wamama sita na baba mmoja, wote wana watoto wao kwenye foleni ile, na yule mama aliyemzika wa kwake amesema atakuja. Tutakaa nyuma kimya kama utaratibu unavyotaka. Tunaomba tu ajenda ya dawa za kulevya msiiweke mwisho kwenye mengineyo, iwekeni mapema, maana saa tano lazima mdogo wangu awe dirishani na mimi ndo ninayempeleka.

Wenu, dada mtu.